Mamboia au Mamboya? Habari za Irabu na Watoto Wanaoanza Kusoma

Mtu akizisoma barua za wamisionari wa C.M.S. waliokuja Ukaguru zamani, ataona ya kuwa jina la mahali petu limeandikwa Mamboia. Siku hizi twaandika Mamboya. Mtoto mmoja wa darasa la kwanza, alipooneshwa maandishi hayo ya kale, aliniuliza ni lipi lililo sahihi na ni nani aliyekosea. Nilimjibu upesi, kama waalimu tufanyavyo tusipokuwa na jibu, ya kwamba la sasa ndilo sahihi. Lakini swali lake halikuniacha. Maana katika herufi ile moja, i au y, mna habari ndefu ya jinsi sauti za vinywa vyetu zilivyopata kutiwa katika karatasi, na ya jinsi watoto wetu walivyotaabika, na wanavyotaabika hata leo, katika kujifunza kuzitoa humo tena.

Kwanza ni lazima kusema ya kuwa herufi za Kizungu hazikuwa herufi za kwanza kuonekana katika nchi hizi. Mamboya ipo karibu na njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda Mpwapwa na Unyamwezi. Watu wa pwani walipita na bidhaa zao, na wengine walikuwa na barua na hesabu zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Huko pwani mtoto wa chuoni huanza na alifu, bee, tee, kisha hufundishwa irabu, yaani zile alama ndogo ziwekwazo juu au chini ya herufi: fataha ni a, kasra ni i, dhuma ni u. Neno hili irabu, ambalo leo wanasarufi wetu walitumia kwa herufi a, e, i, o, u, asili yake ni huko huko chuoni. Wengine husema vokali, wala sina ugomvi nao, ila naona si vyema kuliacha neno ambalo babu zetu wa pwani walikuwa nalo tayari.

Sasa tazama shida iliyopo. Kiarabu kina alama tatu za irabu, na Kiswahili kina irabu tano. Mwandishi wa zamani aliandika e na i kwa alama moja, na o na u kwa alama moja. Msomaji aliyeijua lugha hakupotea sana, kwa kuwa maana ya maneno ilimwongoza. Hasa katika mashairi, ambayo aliyasikia kabla ya kuyasoma. Lakini mtoto anayeanza hana mwongozo huo. Choma na chuma kwake ni kitu kimoja. Pendo na pindo kadhalika. Na kuoa na kuua, Mungu atuepushe, hutengwa kwa irabu moja tu, nayo ni ile isiyopata alama yake mwenyewe. Mtu aliye mbali na habari angeweza kuisoma barua ya arusi akadhani ni habari ya mauaji.

Isidhaniwe ya kuwa wenyewe hawakuiona kasoro hii. Huko Mombasa Mwalimu Sikujua, mjuzi mkubwa wa mashairi, alimsaidia Padre W. E. Taylor wa C.M.S. katika kazi ya kunakili maneno ya washairi wa kale, na katika kazi hiyo ilitafutwa njia ya kuzitenga sauti ambazo alama za Kiarabu hazizitengi. Baadaye Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui naye aliongeza alama zake kwa kusudi hilo hilo. Basi kule kuzipatia irabu tano alama tano si akili ya Wazungu peke yao, kama wengine wasemavyo.

Dr. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka huo huo alianza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa msaada wa Kadhi Ali bin Mohiuddin, akaamua kuandika kwa herufi za Kirumi. Alikuwa na sababu za dini, hilo hatuwezi kulificha, lakini alikuwa na sababu ya irabu pia. Hata hivyo mwandiko wake ulikuwa wa Kijerumani kwa namna nyingi. Kamusi yake iliyotoka mwaka 1882, baada ya kufa kwake, imeandikwa juu yake lugha ya Suahili, kwa u badala ya w. Kumbe hapo tayari lipo lile swali la yule mtoto: sauti ipitayo upesi kati ya irabu mbili, au kati ya konsonanti na irabu, je, ni irabu au siyo?

Aliyeweka kawaida tunayoifuata hata leo ni Edward Steere wa U.M.C.A. Unguja, ambaye kitabu chake cha sarufi kilitoka mwaka 1870, kabla hajawa Askofu. Kanuni yake ilikuwa fupi: konsonanti zisomwe kama za Kiingereza, irabu zisomwe kama za Kiitaliano. Nawaomba waalimu wenzangu waitafakari kanuni hii, maana ni rahisi kuipita bila kuiona thamani yake. Steere alikuwa Mwingereza; angeweza kutuletea irabu za kwao, ambako herufi a husomwa kwa namna nne au tano, na mtoto huhitaji miaka kuzikariri. Hakufanya hivyo. Aliacha irabu za lugha ya mama yake akachukua za lugha nyingine, kwa kuwa zilifaa masikio ya watu wa hapa. Kwa ajili ya uamuzi huo mtoto wa Kiafrika asomaye Kiswahili aweza kujifunza kusoma kwa muda mfupi kuliko mtoto wa London asomaye Kiingereza. Kila herufi ya irabu ina sauti moja, na kila sauti ina herufi moja.

Hapo Mamboya, karibu na mwaka 1880, alikaa J. T. Last, ambaye hakuwa kasisi bali mtu wa kawaida katika utumishi wa C.M.S. Mkewe alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Kizungu kukaa mbali hivyo na pwani, akafa hapo Mamboya mwaka 1883. Last alikuwa na sikio jema kwa lugha. Mwaka 1885 alitoa kitabu chenye maneno na sentensi 250 katika lugha 48 za Afrika ya Mashariki, na mwaka 1886 sarufi ya Kikaguru ikapigwa chapa Uingereza. Juu ya jalada lipo jina la Last. Majina ya Wakaguru waliokaa naye wakamtamkia neno baada ya neno, wakarudia tena aliposikia vibaya, hayapo. Nao ndio waalimu wa kwanza wa irabu katika habari hii.

Kwa bahati Kikaguru nacho kina irabu tano, sawa na Kiswahili. Mtoto wa Mamboya hakuwa na haja ya kujifunza sauti mpya alipohamia katika kitabu cha Kiswahili, isipokuwa katika konsonanti. Wenyewe husema Kagulu na Chikagulu, kwa l, lakini vitabuni jina limekaa kwa r, na watoto hata leo huandika kalamu na karamu kama vile ni chombo kimoja. Tena palikuwa na fujo nyingine iliyoletwa na sisi watu wa misheni wenyewe. Kwa jirani zetu Wagogo sauti ya ch iliandikwa kwa c peke yake, wakaandika Cigogo. Kwetu ikafuatwa desturi ya Steere, ikawa Chikaguru. Kijana aliyetoka Mamboya kwenda kusoma upande wa Kongwa au Mpwapwa alikuta sauti ile ile ya kinywa chake imevaa nguo nyingine. Hilo ni jambo dogo kwa mtu mzima. Kwa mtoto aliyekwisha kuambiwa ya kuwa herufi hazibadiliki, si dogo.

Sasa nitasema juu ya namna ya kufundisha, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya nishike kalamu.

Katika shule za vijiji vitabu vilikuwa haba. Karatasi moja kubwa yenye herufi ilitundikwa ukutani au katika mti, na watu wote, watoto na wazee, wakaketi kuizunguka. Habari za Uganda, ambako Wakristo waliitwa wasomaji, zasimulia juu ya watu waliojifunza kusoma kitabu kikiwa kichwa chini au ubavu, kwa sababu kitabu kilikuwa kimoja na wao walikaa pande zote. Somo lilikuwa ni kuimba: a, e, i, o, u; kisha ba, be, bi, bo, bu; kisha cha, che, chi, cho, chu; na kuendelea hata za, ze, zi, zo, zu. Wimbo huu ulisikika kila mahali kutoka Rabai hata Ziwa, na mtu mzee wa leo ukimwanzishia ba, be, atakumalizia bila kufikiri.

Watu wengi wenye elimu huucheka wimbo huo. Mimi siucheki. Kwanza umeifuata asili ya lugha zetu, ambazo karibu kila kipande cha neno huishia katika irabu. Mtoto asikiaye ku-ku, ba-ba, ta-a amesikia vipande vya kweli vya lugha yake, wala hakufundishwa kitu ambacho hakipo. Pili, wimbo unamfundisha bila kumwambia ya kuwa b ni ile ile na kibadilikacho ni irabu. Hiyo ndiyo siri yote ya kusoma, nayo imo katika mstari mmoja.

Lakini kosa lipo, na kila mwalimu aliyesimama mbele ya watoto analijua. Mtoto huishika tuni akaziacha herufi. Mwalimu hupeleka fimbo yake ubaoni kwa utaratibu, na darasa huitika kwa sauti kubwa, na mgeni apitaye nje husifu. Haya, ipeleke fimbo kinyume: onyesha bu kwanza, halafu bi. Utasikia watatu au wanne wakijibu, na wengine wakitazama midomo ya wale watatu. Nimepata kuona darasa zima lililoimba mistari yote kwa ufasaha, lakini lilipoandikiwa neno bibi peke yake lilinyamaza kimya. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wamefundishwa wimbo, wakaujua wimbo.

Ubaya mwingine umeingia baadaye, nao ni wa majina ya herufi. Huko Ulaya waliugombania jambo hili kwa karne nyingi. Mjerumani Valentin Ickelsamer aliandika mwaka 1527 ya kuwa mtoto afundishwe sauti za herufi, asifundishwe majina yake, kwa maana majina hayasaidii kusoma. Hakusikilizwa. Watoto wa Ujerumani waliendelea kutaja majina ya herufi moja moja kabla ya kulisoma neno, hata serikali ya Prussia ilipokataza desturi hiyo katika shule zake mwaka 1872. Zaidi ya miaka mia tatu ilipita kati ya kitabu kile na amri ile.

Kwetu sisi ubaya huo una sura mbili. Sura ya kwanza ni ya mwalimu aitaye herufi m kwa jina la ma, na k kwa jina la ka. Mtoto mmoja niliyempokea kutoka mahali pengine aliandika mm, akanisomea kwa furaha: mama. Nilitaka kumkosoa, kisha nikaona ya kuwa yeye hakukosea hata kidogo. Ikiwa m ni ma, basi mm ni mama. Kwa nini aongeze a? Irabu ilikuwa imemezwa na jina la konsonanti, naye aliandika kile alichofundishwa. Sura ya pili ni ya shule ndogo za watoto ambazo siku hizi hutaka sifa ya Kiingereza. Humo mtoto hufundishwa ya kuwa a huitwa ei, na e huitwa ii, na i huitwa ai. Kisha huletwa kwetu aanze Kiswahili. Anaiona e, anasoma i. Anaiona i, anasita. Ile kazi ya Steere ya kutuepusha na irabu za Kiingereza imetanguliwa katika miezi michache, nao wazazi wamelipa ada kwa ajili hiyo.

Nimesema kila sauti ina herufi moja. Lakini liko jambo ambalo humsumbua mtoto hata akiwa na mwalimu mwema, nalo ni irabu mbili zikifuatana. Kufa na kufaa. Kupa na kupaa. Cho na choo. Mtoto husikia sauti moja ndefu, akaandika irabu moja. Katika mafundisho ya dini twaliona kosa hili kila mwaka baada ya Pasaka: mtoto huandika ya kuwa Bwana Yesu alipa mbinguni, na aliyekusudia kuandika kupaa amemfanya mwenye kulipa deni. (Padre mmoja aliniambia ya kuwa theolojia ya mtoto huyo si mbaya; lakini mtihani haukumpa alama.) Dawa niliyoiona kufaa ni kupiga makofi. Ku-pa, makofi mawili. Ku-pa-a, makofi matatu. Mkono husikia kile ambacho sikio limekipita.

Tena ziko irabu mbili zisizofanana, kama katika njia, ua, kuoa. Ulimi ukitoka i kwenda a hupita mahali pa y. Ukitoka u kwenda a hupita mahali pa w. Ndiyo sababu watu wengi wa zamani waliandika njiya, uwa, kuowa, na wazee wengine wanaandika hivyo hata sasa katika barua zao. Walioanza kwa herufi za Kiarabu walikuwa na haki zaidi, kwa kuwa katika mwandiko ule irabu haiwezi kusimama peke yake pasipo herufi ya kuichukua. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lugha ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili cha vitabu, na Halmashauri ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja ilipewa kazi ya kulinganisha maneno na tahajia. Kamusi ya mwaka 1939 ikatoa njia, ua, oa. Faida yake ni kubwa, maana mtoto wa Mamboya na wa Kisumu waweza kukisoma kitabu kimoja. Hata kidogo siitaki fujo ya zamani irudi, wakati C.M.S. walipokuwa na Biblia yao kwa lugha ya Mombasa ya mwaka 1914, na U.M.C.A. wakawa na ya Unguja ya mwaka 1891, na Wajerumani wakaisoma ya Dr. Roehl iliyotimia mwaka 1937. Lakini mwalimu akumbuke: mtoto aandikaye njiya amesikia vizuri. Amwambie kwamba sikio lake ni jema, na kwamba watu wamepatana kuandika hivi. Asimpige mstari mwekundu kana kwamba ni kiziwi.

Katika haya yote Kikaguru kilikwenda wapi? Tume ya Phelps-Stokes iliyozunguka Afrika ya Mashariki mwaka 1924 ilishauri lugha ya nyumbani itumike katika madarasa ya chini. Katika Tanganyika Kiswahili ndicho kilichopata nafasi hiyo, na baada ya Uhuru lugha za makabila hazikuwa na mahali katika shule zetu. Nayasema haya bila uchungu, maana Kiswahili kimetupa mengi. Ila mwalimu wa vijijini anajua ya kuwa wako watoto wanaoingia darasani na irabu zote tano vinywani mwao, lakini maneno yanayozichukua ni ya bibi zao, siyo ya kitabu. Akiandikiwa mtu, anaona m imesimama peke yake bila irabu, kitu ambacho lugha yake haina. Jirani zetu Wagogo husema munhu. Mtoto huyo husoma mutu. Wengi humcheka. Yeye anatafuta irabu mahali ambapo masikio yake yamezoea kuikuta.

Mwaka 2010 shirika la Uwezo lilipima watoto nchini, likaona ya kuwa katika darasa la tatu kama theluthi moja tu waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiasi cha darasa la pili. Lugha yenye irabu tano, kila moja na sauti yake, na mwandiko usio na hila, na bado wawili katika kila watatu wameshindwa! Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulibadilishwa, masomo yakapunguzwa ili nguvu zote ziwe katika kusoma, kuandika na kuhesabu, nao waalimu wakahimizwa kuanza na sauti za herufi. Nilifurahi. Lakini darasa lenye watoto themanini na mwalimu mmoja hurudi upesi katika kuimba, kwa kuwa wimbo ndio pekee unaoweza kuwashika themanini pamoja. Mimi sasa huwaacha waimbe mwanzo, kisha hutaja irabu bila utaratibu, na kila mtoto huinua kijibao chake chenye herufi niliyoitaja. Asiyejua huonekana mara moja, wala hawezi kujificha nyuma ya mdomo wa mwenzake.

Yule mtoto aliyeniuliza habari za Mamboia nilimwita tena baada ya juma moja. Nilimwambia atamke jina polepole sana, na aniambie kama baada ya o anasikia i au y. Alitamka mara nyingi, akiwa amefumba macho. Mwisho akasema: “Mwalimu, zote zipo.” Kisha akaenda kuandika tarehe ubaoni, na chini yake akaandika Mamboya, kwa y, kama kitabu chake kilivyotaka.